Somo: Utafiti na wakulima, kabla dodoso halijachapwa

Wakuu, nitatumia mfano wa zabibu za hapa Dodoma. Wa mtama na alizeti mtajazia wenyewe.

Hatua ya 1: Nenda bila dodoso. Safari yangu ya kwanza nilifika kijijini na swali limeshaiva, magonjwa ya mizabibu. Wakajibu yote kwa adabu. Naaga, mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, na mchuzi wa zabibu unaogeuka siki kwenye madumu kwa kukosa mnunuzi, huo hautafitiwi?" Tukaandika pendekezo upya. Kongwa hapo jirani Waingereza walianza kilimo cha karanga mwaka 1947. Jua lilipowaka udongo wa mfinyanzi ukakaza kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Wenyeji wa kuulizwa walikuwepo muda wote.

Hatua ya 2: Pesa mezani. Mtafiti anachukua posho ya safari, mkulima aliyeacha palizi anapewa soda. Hapo ndipo ushirikiano mwingi hufia, kimyakimya. Andikeni makubaliano ya Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: nani analipwa nini, takwimu zitakaa kwa nani, picha zitatumikaje, mtu anajitoaje.

Hatua ya 3: Vibali. Mgeni wa nje ya nchi aanzie COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, wa vyuo aanzie ofisi ya chuo chake, kisha mkoa, wilaya, kata, kijiji. Barua yenye muhuri si ridhaa ya mkulima.

Hatua ya 4: Kalenda ni yao. Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili. Zabibu huvunwa mara mbili, Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mimi hupenda kwenda Juni na Julai. Uliza na siku ya mnada, usije ukahutubia viti.

Hatua ya 5: Rudisha matokeo kabla hujachapisha. Kazi nyingine, ya mtama, tulihesabu kila gunia kilo 100. Mkutano mzima ulitucheka: pale gunia linauzwa lumbesa, limejazwa kupita kipimo! Hesabu zote za bei tukazirudia.

MASWALI

Mtendaji ameniletea wakulima, wote jamaa zake. Nifanyeje?
Usigombane naye. Omba rejista ya kijiji, majina yachomolewe kwenye kofia mbele ya mkutano, naye akiwepo.

Mkuu, mfadhili anataka pendekezo ndani ya wiki tatu. Kijijini nitaenda saa ngapi?
Andika kwamba miezi mitatu ya mwanzo ni ya kutunga swali na wakulima, na uiwekee bajeti. Akikataa, bora umjue mapema.

Mkulima anaweza kuwa mwandishi mwenza?
Kama swali na tafsiri ya matokeo vina mkono wake, mimi nasema ndiyo. Ila muulize kwanza. Mzee mmoja wa kwetu jina kwenye jarida hakulitaka kabisa. Alitaka nakala ya Kiswahili yenye muhuri wa chuo, akabishane nayo bei na mnunuzi.