SOMO: Umeambiwa umeshinda zawadi kwa barua pepe? Soma hapa kwanza

Assalam alaikum, na habari zenu nyote.

Hapa saiba (duka la intaneti), Mwembe Tayari, Mombasa, naletewa simu kila wakati nitazame "barua ya ushindi". Humu jukwaani nako swali ni lilo hilo: "Hii ni ya kweli?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Sisemi kila barua ya zawadi ni ya matapeli. Zawadi za kweli zipo, na kuna watu wanaozifuta bila kuzisoma kwa sababu wameambiwa zote ni uongo. Hiyo nayo ni hasara.

Hatua ya 1. Usibonyeze chochote, usijibu, usipakue. Soma tu.

Hatua ya 2. Jiulize kama ulishiriki. Hakuna kampuni inayookota anwani za watu mtandaoni ikawagawia pesa. Microsoft haina bahati nasibu ya anwani za barua pepe, hata nembo yake iwe imebandikwa vizuri namna gani. Kama hukujaza fomu, hukutuma ujumbe wala hukununua tikiti, futa. Wale mnaoshiriki mashindano mengi, wekeni daftari: jina la shindano, siku uliyoingia, anwani uliyotumia. Daftari hilo litakujibu kuliko mimi.

Hatua ya 3. Soma masharti. Mashindano mengi ya Marekani ni ya wakazi wa huko tu, wenye miaka 18 na zaidi. Mkazi wa Changamwe hawezi kuwa mshindi wake.

Hatua ya 4. Soma anwani ya mtumaji, si jina lake. Jina mtu huandika analotaka. Gusa jina hilo mpaka anwani nzima itokee, kisha soma kilicho baada ya alama ya @, ukianzia kulia. Kinachohesabika ni maneno ya mwisho kabisa. Anwani ambayo baada ya @ ina safaricom.co.ke tu ni ya Safaricom. Inayoishia na safaricom.co.ke.zawadi-yako.com ni ya mwenye zawadi-yako.com, na hayo ya mbele ameyaongeza ili uyaone kwanza. Viungo vilivyo ndani ya barua ni hivyo hivyo: mwenyewe yuko kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Tazama pia jibu lako litakwenda wapi. Barua inajiita ya kampuni kubwa, na jibu linakwenda kwa Gmail ya mtu? Imekwisha.

Lakini hapa kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Kampuni nyingi haziendeshi mashindano zenyewe, huajiri wakala wa kuchagua na kuwaarifu washindi. Kwa hiyo barua halali yaweza kutoka kwa jina usilolijua. Usiifute kwa sababu hiyo pekee. Rudi kwenye masharti ya shindano uliloingia, ambako kwa kawaida wakala hutajwa. Akiwa hayumo, iulize kampuni.

Hatua ya 5. Kiambatisho. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa hupotei wewe peke yako, hupotea na kompyuta ya ofisi nzima. Windows, ikiwa haijarekebishwa, huficha mkia wa jina la faili. Faili linaloitwa Ushindi.pdf.exe wewe utaliona Ushindi.pdf, na ukilifungua si barua, ni programu inayoanza kufanya kazi. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa mlango huu huu: faili liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ile .vbs ikafichwa, watu wakadhani ni maandishi ya kawaida. Fungua File Explorer, nenda View (kwa Windows 11, kisha Show), weka alama kwenye File name extensions, uache hivyo daima. Barua ya zawadi yenye faili la .exe, .scr, .js au .vbs usiiguse. Faili la .zip lenye neno la siri lililoandikwa ndani ya barua yenyewe ni hatari pia: limefungwa ili kinga ya virusi isione kilichomo. Faili la Word likikuomba uruhusu macro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), kataa. Na faili la .html laweza kukufungulia ukurasa unaofanana na wa Gmail, uandike neno lako la siri humo, liende kwa mwizi.

Hatua ya 6. Wakitaka pesa ili wakupe pesa, ni wizi. "Ada ya usajili", "bima ya kusafirisha", "kodi": yote hayo. Kodi ya zawadi ipo, lakini ama hukatwa kwenye zawadi, ama unailipa mwenyewe kwa mamlaka ya kodi. Haitumwi kwa M-Pesa ya mtu.

Hatua ya 7. Thibitisha kwa njia yako, si kwa njia waliyokupa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, au piga namba iliyo kwenye pakiti ya bidhaa. Kwa Safaricom, wao hukupigia kwa 0722 000 000 tu, na ujumbe mfupi wa kitapeli utume 333.

Hatua ya 8. Pitia folda ya spam (barua taka) mara kwa mara. Barua halali huangukia humo, na mshindi asiyejibu kabla ya siku ya mwisho nafasi yake hupewa mwingine.

MASWALI

BintiKisauni: Nimeshinda dola laki nane za Coca-Cola kwa imeli. Ni kweli?

Mwandishi: Hatua ya 2. Ulishiriki?

BintiKisauni: Sikumbuki. Lakini wameniita kwa jina langu kamili.

Mwandishi: Jina lako kamili limo ndani ya anwani yako, dadangu. Soma hatua ya 2 hadi 6, kisha uniambie ni ipi barua yako imepita.

Nahodha_Likoni: Shukran kwa somo. Kuna njia ya kujua barua ilitoka wapi hasa, zaidi ya ile anwani inayoonekana?

Mwandishi: Swali zuri, ndugu yangu. Fungua Gmail kwa kompyuta, kwa programu ya simu hutaipata. Bonyeza vidoti vitatu kando ya kitufe cha kujibu, chagua Show original. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kukagua barua imetoka wapi, kila kimoja na PASS (kimefaulu) au FAIL (kimefeli). DMARC ikiwa FAIL na barua inadai kutoka kwenye kampuni kubwa, shuku sana. Lakini PASS haimaanishi mtumaji ni mwaminifu. Yamaanisha barua imetoka kweli kwenye tovuti iliyoandikwa. Tapeli aliyenunua tovuti yake mwenyewe hupata PASS zote tatu. Ndiyo maana hatua ya 4 haiepukiki.

Mzee wa Bondeni: Mwanangu, kijana wangu alijaza Green Card. Sasa ameandikiwa amechaguliwa, atume dola kwa Western Union.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Asitume hata senti. Serikali ya Marekani haimwarifu mtu kwa barua pepe kwamba amechaguliwa. Aingie mwenyewe dvprogram.state.gov na ile namba ya uthibitisho aliyopewa alipojaza, aone hapo. Akichaguliwa kweli, ada ya viza hulipwa ubalozini siku ya mahojiano. Namba hiyo aishike mwenyewe, asimwachie aliyemjazia fomu. Wapo wanaozikalia namba za watu, matokeo yakitoka wanadai pesa. Akiwa hana, mlete hapa: tovuti hiyo ina sehemu ya kuitafuta upya.

kijana_wa_Nyali: Maelezo marefu ya nini? Weka antivirus, basi.

Mwandishi: Antivirus haikuzuii kumtumia mwizi pesa, wala kuandika neno lako la siri kwenye ukurasa wa uongo. Na kirusi kipya yaweza isikijue. Uwe nayo, lakini somo halifupishwi.

Mama_Zuhura: Mie nilishafungua kiambatisho jana, kwa kompyuta ya kazini. Haikutokea kitu.

Mwandishi: Pole dada. Kutoona kitu si dalili ya usalama. Itoe kwenye mtandao sasa hivi, mwambie mhusika wa kompyuta hapo kazini leo, usione haya. Kisha kwa kifaa kingine badilisha neno la siri la barua pepe kwanza, la benki pili, na uweke uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri pamoja na namba ya pili, kama ile inayoletwa kwenye simu).

Nahodha_Likoni: Nichangie: kwenye Gmail ukiongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya @, mfano jina+zawadi, barua zinafika kule kule. Mie hutumia neno tofauti kwa kila shindano, nikajua ni nani aliyeigawa anwani yangu.

Mwandishi: Ahsante sana, hii nzuri. Fomu nyingine huikataa alama hiyo. Kwa hizo fungua anwani ya pili ya mashindano tu, ile ya benki isionekane huko kabisa.

BintiKisauni: Nimesoma. Wanataka dola 250 za kusafirisha.

Mwandishi: Futa, dadangu.