SOMO: Jinsi ya kuingia Google Summer of Code, anza sasa usisubiri Machi

Habari wadau. Kuna wadogo zangu wa chuo wananiuliza sana kuhusu hii kitu nikaona niandike wote wafaidi. Google Summer of Code ipo tangu 2005, unaandika kodi za mradi wa programu huria (ambayo kodi zake ziko wazi kwa yeyote) ukiwa nyumbani, mlezi kutoka huo mradi anakuongoza na Google wanakupa posho. Tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi, ila uwe umefika miaka 18 na bado mgeni kwenye programu huria.

Shika hili moja: mlezi anamchagua mtu ambaye ameshamuona anafanya kazi. Ukijitokeza siku ya kutuma maombi umechelewa.

HATUA YA 1: Chagua mradi mmoja. Orodha ya mwaka inatoka Februari lakini miradi mingi inajirudia, pitia ya miaka ya nyuma. Mi nilienda OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret 2006. Ukishajua hicho kitufe unachorekebisha kuna nesi atakibonyeza huku foleni imefika nje, unakuwa makini mwenyewe.

HATUA YA 2: Iwashe hiyo programu ya mradi kwenye laptopu yako. Hapa ndo wengi wanakata tamaa. Mara ya kwanza Maven (chombo cha kujenga programu za Java) inashusha mafaili mpaka basi, bando likaniishia katikati ikabidi nikamalizie maabara ya chuo usiku. Ikikwama usikae kimya siku tatu, uliza kwenye chaneli ya wazi ya mradi, useme umejaribu nini na nini. Usimfuate mlezi pembeni, swali la wazi anajibu yeyote aliye macho saa hiyo.

HATUA YA 3: Chukua tiketi ndogo (yaani tatizo au kazi iliyoorodheshwa kwenye mradi), zipo zenye alama ya wanaoanza. Ya kwangu ilikuwa mstari mmoja tu na bado PR (pull request, ombi la kuingiza kodi zako kwenye mradi) ilirudishwa mara mbili, kwanza sikuweka namba ya tiketi kwenye kichwa cha PR, afu sikuwa nimeandika jaribio la kuonyesha kwamba bagi (kosa la programu) kweli limeisha. Ya tatu ikapita. Niliumia kidogo ila yule aliyekuwa anairudisha alikuwa anasoma kila herufi niliyoandika, chuo hakuna aliyewahi kunisomea kodi hivyo. Fanya tiketi kama tano hivi.

HATUA YA 4: Andiko, yaani maombi yako ya kueleza kazi utakayofanya. Panga kazi wiki kwa wiki, wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ziseme wazi, mwonyeshe mlezi rasimu mapema. Na usiipe AI ikuandikie, walezi wanasoma maandiko mengi yanayofanana, la kwako linatakiwa lionyeshe tiketi ulizogusa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kaka mi niko mwaka wa pili najua Java ya darasani tu, natosha?
Jibu: Unatosha kuanza hatua ya 2 leo mdogo wangu. Git (chombo cha kutunza mabadiliko ya kodi) ndo jifunze haraka, kutengeneza tawi (sehemu ya pembeni ya kufanyia kazi), kukomiti (kuhifadhi mabadiliko) na kutuma PR.

Swali: Wanalipaje?
Jibu: Miradi ni ya saa 90, 175 au 350 na posho inategemea ukubwa wa mradi na nchi uliyopo. Inatoka mara mbili, baada ya tathmini ya katikati na ya mwisho, kupitia Payoneer. Ukifeli ya katikati safari imeishia hapo.

Swali: Mimi ni dada nasomea usanifu, kodi siandiki, nina nafasi?
Jibu: Dada angu angalia Outreachy, mpango mwingine wa kufanya kazi za programu huria kwa posho, inafanyika mara mbili kwa mwaka na ina miradi ya usanifu na ya kuandika miongozo. Huko pia lazima uchangie kwanza ndo uchaguliwe.

Swali: Mkuu nimekwama, inasema JAVA_HOME haionekani.
Jibu: Java umeinstoo ila mashine haijui iko wapi. Andika java -version utume majibu hapa, nakili maandishi yote usipige picha ya skrini kwa simu.