Namna ya Kumfundisha Kijana Kusoma na Kuandika Mtandaoni

Likizo iliyopita nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha pili hapa Umoja, Nairobi, nikamfundisha pamoja na wenzake watano wa mtaa huu kusoma na kuandika mtandaoni, yaani kuhakiki habari wanazokutana nazo na kuandika zao. Utaratibu tuliofuata ni huu, nami ninauandika kwa ajili ya wazazi na walimu waliouomba.

Hatua ya kwanza: vifaa. Simu mbili zinatosha vijana sita. Mimi hupendelea vijana watatu washiriki simu moja hata pale ambapo kila mmoja ana yake, kwa sababu anayeishika hulazimika kuwaeleza wenzake anachokifanya.

Hatua ya pili: kusoma dai. Chagua ujumbe mmoja uliosambazwa katika kundi la WhatsApp la familia. Waandike nani anadai, anadai nini, na jambo lenyewe lilitokea lini na wapi. Wasihukumu bado.

Hatua ya tatu: kutoka nje ya ukurasa. Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili. Nilikuwa nimewafundisha wakague ukurasa wenyewe, yaani tahajia, nembo na maelezo ya wenye tovuti, na kila tovuti ya matapeli iliyopambwa vizuri ikawashinda. Kilichonifungua macho ni utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliotolewa mwaka 2017, ambao ulilinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wahakiki waliondoka haraka katika ukurasa waliopewa, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti, ilhali wengi wa wanahistoria na wanafunzi walibaki palepale wakidanganywa na sura. Basi wafundishe vijana wasisome aya ya pili kabla ya kutafuta jina la tovuti kwingine, ikiwemo kwa wahakiki kama Africa Check na PesaCheck.

Picha zinahitaji uangalifu zaidi. Ihifadhi picha, ifungue kwa Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha, kisha ukate kingo na maandishi yaliyobandikwa juu yake, maana usipoyaondoa utaletewa matokeo ya maandishi badala ya picha. Ikiwa ni video, piga picha ya skrini pale inapoonyesha jengo au kibao cha barabarani. Mimi huongeza TinEye, tovuti nyingine ya kutafuta kwa picha, kwa kuwa inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, na tarehe ya zamani ndiyo tunayoitafuta. Hata hivyo, kukosa matokeo hakuthibitishi kwamba picha ni mpya. Huenda imegeuzwa kushoto kulia, au haijawahi kuorodheshwa. Zoezi lililowaelewesha vijana wangu ni picha ya papa anayeogelea kando ya gari katika barabara iliyofurika. Ilisambazwa mwaka 2011 kama ya Puerto Rico, ikarudi mwaka 2017 kama ya Houston, wakati papa huyo alitolewa katika picha iliyopigwa na mpiga picha Thomas Peschak nchini Afrika Kusini, akiufuata mtumbwi mdogo baharini.

Hatua ya nne: kuandika. Rasimu ya kwanza iandikwe kwa kalamu, na juu ya hili sina mjadala: kijana anayeanza kwenye simu huandika kile ambacho kibodi inampendekezea. Anapohamia kwenye simu, aongeze Kiswahili katika lugha za kibodi, la sivyo kibodi ya Kiingereza itambadilishia maneno bila yeye kutambua. Sheng ina mahali pake katika mazungumzo ya vijana, na sikuikataza humo. Katika maandishi yatakayosomwa na watu wa Mombasa na Dodoma niliwataka waandike Kiswahili sanifu.

Hatua ya tano: kuhakikiwa na mwenzake. Kijana mwingine afungue kila kiungo kilichowekwa katika rasimu, na sentensi isiyoungwa mkono na kiungo chake ifutwe au iandikwe upya. Mpwa wangu alikuwa ameandika, "Nairobi nzima haina maji." Mwenzake akamwuliza ameona wapi habari za Nairobi nzima, wakaisoma ratiba ya mgao wa maji pamoja, wakawauliza majirani wa nyumba tatu, na sentensi iliyochapishwa ikawa, "Maji yalikosekana katika ploti yetu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, ingawa ratiba ilituahidi Jumanne."