Asasi Nyingi, Mgonjwa Mmoja: Namna ya Kushirikiana

Kazi ya kuratibu asasi ndogo za afya nilifundishwa na bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu mwenye utapiamlo. Ndani ya wiki moja alitembelewa na asasi tatu: ya lishe, ya maji safi, na yetu iliyohusika na afya ya akili. Zote zilimuuliza jina, umri wa mtoto na idadi ya watu kwenye kaya. Nilipofungua daftari akanitazama, mtoto kamlaza begani, akasema: "Mwanangu, si mlishaandika juzi?" Na katika sisi wote, hakuna aliyekuwa amemfikisha mtoto yule kituo cha afya.

Ndiyo maana nawaambia wanaotaka kuunda muungano wasianze na hati ya makubaliano. Anzeni na njia anayopita mtu. Chukueni karatasi kubwa, mchague mgonjwa mmoja bila kumtaja jina, mchore safari yake: alianzia kwa nani, akatumwa wapi, akapotelea wapi. Sisi tulipochora, tuligundua kwamba watu wengi hupotea baada ya kuambiwa "nenda pale", kwa kuwa hakuna anayeuliza kama walifika.

Kwa hiyo tengenezeni rufaa inayorudi. Karatasi yetu ina vipande vitatu: kimoja kinabaki kwa anayepeleka, cha pili anaondoka nacho mgonjwa, cha tatu mpokeaji anakisaini na kukirudisha. Kila kipande kinaandikwa nani anapeleka, kwa nani, tarehe, na huduma inayohitajika. Ugonjwa hauandikwi. Mtu mwenye VVU, au mwanamke aliyepigwa nyumbani, hawezi kutembea na siri yake mkononi. Kabla ya kuandika chochote muombeni ridhaa, na akikataa bado ahudumiwe. Kila asasi imteue mtu mmoja wa kupokea rufaa, anayejulikana kwa jina na namba ya simu, pamoja na wa kumshikia nafasi akiugua. Rufaa ikitumwa "ofisini" tu, inakufa mezani.

Kuhusu nani aalikwe, msiishie kwa wanaojiita watu wa afya. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inaielezea afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii. Basi wa msaada wa kisheria aje, wa makazi aje, na wanaowatembelea wazee aje mmoja wao. Aje pia mtu anayewajua watu kwa sura. Kipindupindu kilipoua watu Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Henry Whitehead, kasisi wa hapo, hakumwamini mwanzoni. Lakini kwa kuwa familia zile alizizoea, aliuliza nyumba kwa nyumba mpaka akamfikia mtoto mchanga aliyeugua mwanzoni, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la uchafu karibu na kisima cha pampu ile. Takwimu za daktari peke yake zisingefika kwenye nepi zile.

Vipimo viwe vichache na vya wote. Mwaka 2004 UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, ilihimiza nchi ziwe na mpango mmoja wa UKIMWI, chombo kimoja cha uratibu na mfumo mmoja wa ufuatiliaji. Hata muungano wa asasi tano unafaidika na utaratibu huo. Sisi tunahesabu mambo matatu tu: rufaa zilizotoka, zilizopokelewa, zilizorudi. Ofisi ya afya ya serikali nayo ipewe nakala, maana vituo ni vyao.

Pesa zungumzeni mapema, hata kama mnaona haya. Ruzuku yetu ya kwanza tuliiacha mikononi mwa asasi moja bila maandishi. Wahudumu wa jamii walikaa miezi bila nauli, na wenzetu wawili wakajitoa. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwepo kwenye kikao na nilinyamaza. Andikeni nani anashika fedha, nani anasaini, kila mmoja anapata nini, na mratibu analipwa na nani. Hilo la mwisho wengi hulikwepa. Wanadhani uratibu ni kazi ya kujitolea jioni. Mratibu asiyelipwa huchoka, na rufaa zinalala.

Kutaneni kila wiki mbili, saa moja tu, ajenda ikiwa rufaa ambazo hazijarudi. Kila moja isomwe kwa namba yake, na mtu mmoja apewe jukumu la kwenda. Kwenda kwa miguu, maana simu ya mgonjwa mara nyingi imezimwa au ni ya jirani. Akifika aulize kwanza: "Kilikukwamisha nini?" Jibu aliandike kama lilivyosemwa, alilete kikao kinachofuata.