Kufunga mtungi wa gesi wa kilo 15 na kuwasha jiko mara ya kwanza katika nyumba za Tanga

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka, inatambaa sakafuni na kutuama penye shimo. Kwa hiyo chagua mahali kwanza, kabla hujashika hata bisibisi.

Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Madirisha yako juu, na kwa gesi hayo peke yake hayatoshi. Jikoni panatakiwa tundu la chini linalotoka nje: mlango wenye uwazi chini, au tofali mbili za matundu karibu na sakafu. Mtungi usikae chumba cha kulala wala karibu na mfuniko wa karo, maana gesi ikiingia humo haitoki kwa urahisi. Na mwenye desturi ya kufukiza udi jioni asiweke chetezo jikoni. Kaa lake liko chini, palepale gesi inapopita.

Dukani kagua mtungi kabla ya kulipa. Sili iwe haijaguswa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake: ukisoma 14.6, basi mtungi uliojaa upime kilo 29.6. Mwambie muuzaji jina la kampuni ya mtungi unaponunua regulata, yaani kifaa kinachokaa juu ya vali ya mtungi na kupunguza presha ya gesi, kwa sababu midomo ya vali haifanani, na regulata inayolazimishwa huvuja. Chukua ya presha ndogo, ya milibari 30 hivi. Zile za presha kubwa ni za majiko makubwa ya biashara. Kwenye jiko la nyumbani moto unaruka juu na mpira unaweza kuchomoka.

Mpira uwe wa gesi hasa, wenye tarehe iliyochapwa ubavuni. Wa maji hauvumilii gesi, unakakamaa na kupasuka. Mita moja na nusu inatosha. Usipite nyuma ya jiko lenye moto, usikunjwe, usikanyagwe na mguu wa meza. Nunua klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Kwa hewa yetu ya bahari, hasa Raskazone na Chumbageni, klipu za kawaida huoza upesi, na klipu iliyooza inashikilia kwa macho tu.

Kufunga kwenyewe ni kwa muda mfupi. Zima swichi zote za jiko. Vika klipu kwenye mpira, sukuma mpira mpaka upite mikunjo yote ya mdomo wa jiko, kisha kaza kwa bisibisi mpaka klipu isizunguke kwa kidole. Ukikaza kupita kiasi utaukata mpira. Fanya hivyo hivyo upande wa regulata. Regulata ya kubonyeza: iwe imezimwa, ikae sawasawa juu ya vali, ibonyeze mpaka ilie "tak", kisha ivute juu kidogo, isitoke. Ya nati inakazwa kinyume cha mshale wa saa, na hapo ndipo wengi huharibu nyuzi kwa kulazimisha upande usio wake. Ndani ya mdomo wa vali kuna kipete cha mpira. Kikiwa kimechanika au hakipo, rudisha mtungi.

Sasa upimaji, na huu usiuruke hata ukiwa na njaa. Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji mpaka povu liwe zito. Fungua gesi kwenye mtungi, swichi za jiko zikiwa zimezimwa, halafu paka povu kwa sifongo: shingo ya vali, regulata, klipu zote mbili, mpira mzima. Tazama kwa dakika nzima. Mvujo mdogo hausikiki. Utaona kiputo kimoja kinavimba taratibu, kinapasuka, kingine kinazaliwa palepale. Kikitokea, funga mtungi, kaza, pima upya. Kinachotoka shingoni mwa vali si cha kukaza mwenyewe. Toa mtungi nje penye upepo, uurudishe. Kiberiti hakipimi mvujo, kinaulipua.

Mara ya kwanza mpira una hewa, kwa hiyo moto unaweza kuchelewa sekunde chache. Fungua mlango na dirisha, washa njiti kwanza, ndipo ufungue swichi. Sekunde tano zikipita bila moto, zima na usubiri dakika tatu. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Wa njano unaopaka sufuria masizi unakosa hewa: matundu ya jiko yameziba au kifuniko cha matundu hayo hakikukaa vizuri. Moto huo pia unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo usafishe kabla ya kupika.

Tuna mambo mawili ya kwetu. Upepo wa kusi ukiingia uani huzima moto mdogo chini ya sufuria ya wali, na gesi inaendelea kutoka, kwa hiyo kinga jiko upande wa upepo na usiondoke. Na wali wa kupalia: kaa kutoka juu ya kifuniko likidondokea mpira, linautoboa mara moja. Palia kwenye jiko la mkaa, mbali na mtungi.

Ukimaliza kupika, funga mtungi kwanza, moto ufe wenyewe, kisha zima swichi. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi ukiufikia, fungua milango, toa watu nje, na simu ya 114 ya Zimamoto upige ukiwa barabarani.