Kompyuta imegoma kuwaka? Ipime kwanza kabla hujasema madabodi imekufa

Habari zenu wadau, nipo hapa Mwanga, Kigoma. Juzi mama mmoja wa Ujiji kaniletea deskitopu ya duka lake la steshenari, ameshaambiwa kwingine madabodi (ule ubao mkuu wa ndani) imekufa anunue mashine mpya, nikaifungua nikakuta ram (kile kibao cha kumbukumbu) imeshika vumbi basi, nikasugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikairudisha mpaka vishikio vikalia ka! pande zote mbili, ikawaka. Mama kakaa chini kabisa. Imeniuma, ndo maana naandika somo hili.

Anza hivi. Chomoa umeme, laptopu toa na betri kama inatoka, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30 halafu rudisha umeme uwashe. Feni kimya, taa hakuna? Hapo fuata umeme kwanza. Kwa deskitopu chomoa pawa saplai (boksi linalogawa umeme) kwenye madabodi, kwenye plagi yake kubwa unganisha waya wa kijani na mweusi itawaka yenyewe, pima kwa mita: njano volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Njano ikishuka chini ya 11.4 hiyo badilisha. Ila usifungue lile boksi la saplai, kapasita zake zinatunza umeme hata ukiwa umechomoa.

Feni inazunguka skrini nyeusi, hesabu milio ya bip inayotoa, kila kampuni ina hesabu yake ila mara nyingi ni ram au kadi ya picha. Weka ram moja moja, hama tundu.

Ikifika mpaka bayosi (programu ya kwanza kuamka ukiwasha mashine) ila windo haipandi, sasa ndo flashi inafanya kazi. Tafuta flashi ya GB 8, weka Ventoy (programu inayofanya flashi iwashe kompyuta), halafu kopi humo faili za iso za Memtest86+ (ya kupima ram) na SystemRescue (mfumo wa kuwaka kutoka flashi, wenye zana za ukarabati). Unapakua mara moja tu, baada ya hapo hata uwe Kibondo ndani huko bila mtandao unapima. Washa ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, chagua flashi.

Memtest iache izunguke raundi nzima, usiku kucha ni bora zaidi, mstari mwekundu hata mmoja ujue kuna shida. Diski ipime ndani ya SystemRescue, andika smartctl -a /dev/sda, angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector (sehemu za diski zilizokufa na zinazoshukiwa), namba ya mwisho kulia inatakiwa iwe sifuri. Ikiwa inapanda kila ukipima USIFOMATI, okoa mafaili ya mtu kwanza kwa ddrescue (zana ya kunakili diski mbovu), imo humohumo.

MASWALI

Fundi, memtest imeleta nyekundu na nina ram mbili, nitajuaje mbovu ni ipi?
– Toa moja, pima kila moja peke yake kwenye tundu lilelile. Zikifeli zote hapo, jaribu tundu lingine kabla hujanunua.

Kaka mimi niko Kasulu, sina flashi kabisa, laptopu ni HP.
– Usijali dada, washa huku unagonga F2, ina vipimo vyake vya ndani vya ram na diski. Dell ni F12 kisha Diagnostics.

Yangu umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka na inasema haioni diski.
– Betri ya bayosi hiyo mkuu, CR2032, mpya inasoma volti 3. Ikiisha bayosi inasahau mpangilio wake. Badilisha, kisha ingia bayosi urudishe diski iwe ya kwanza kuwaka.