Jinsi ya kutembea kwenye mabonde makavu hadi kwenye magofu

Nchi kame haimpi mtembeaji njia nyingi. Magenge yanamzuia huku, miiba inamchelewesha kule, na mwishowe anajikuta anafuata bonde la mto, kama walivyofanya waliojenga kuta anazokwenda kuziona. Walijenga pale kwa sababu ya maji. Bonde hilohilo linakupa njia, kivuli na pengine maji ya kunywa, na bonde hilohilo linaweza kukuua mchana kweupe bila tone la mvua kudondoka ulipo. Kabla ya kufunga begi, jibu maswali mawili: maji ya kunywa yako wapi, na maji ya mafuriko yakija yatapita wapi?

Maji ya kubeba

Piga hesabu ya nusu lita kwa saa wakati wa ubaridi wa asubuhi, na robo tatu hadi lita nzima kwa saa jua likishapanda. Mwendo wa saa sita unataka lita 5, na juu yake lita moja ya akiba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaanza na kilo 6 mgongoni kabla ya kitu kingine chochote. Punguza nguo, punguza vyombo, usipunguze maji. Yagawe kwenye vyombo vitatu au vinne. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri kwa kunywea ukitembea, lakini mwiba mmoja ukiutoboa umepoteza yote, na tena hauonyeshi kilichobaki. Angalau nusu ya maji yako iwe kwenye chupa ngumu.

Usibane maji ili "yafike". Kiu ikija, kunywa. Watu huzimia kwa joto wakiwa na chupa zenye maji begini. Kinachotakiwa kubanwa ni safari: maji yakifika nusu na bado hujafika uendako, geuka, isipokuwa una uhakika wa chanzo mbele.

Kosa la upande wa pili halizungumzwi vya kutosha. Anayekunywa maji matupu kutwa bila kula kitu chenye chumvi hushusha chumvi ya mwili. Kichwa kinauma, anatapika, vidole vinavimba, kisha anachanganyikiwa. Wenzake hudhani ni kiu na kumwongeza maji, ndipo hali inazidi. Kama amekojoa mara nyingi na mkojo mweupe, mpe chakula cha chumvi na usimnyweshe zaidi. Akianza kuchanganyikiwa, tafuta msaada wa haraka. Kinga yake ni kula kidogo kidogo njiani. Aliyeharisha au kutoka jasho jingi anafaa kuchanganyiwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa usawa, si vya mlima.

Kwenye mto wa mchanga, jaribu kuchimba upande wa nje wa kona, au mahali ambapo mwamba umekatiza mkondo na miti imebaki kijani. Mkono ukizama wote na mchanga bado ni mkavu, acha. Jasho litakalokutoka litazidi utakachopata. Maji ya kwanza yanayochuruzika yamwage, ya pili yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yaache yatue, kisha chemsha hadi yatokote dakika moja. Juu ya mita 2000 yatokote dakika tatu. Vidonge vya klorini hufanya kazi vibaya kwenye maji yenye tope, ndiyo maana kutuliza kunatangulia. Kuchemsha hakuondoi chumvi: yenye ladha ya chumvi kali yaache.

Saa na mwendo

Kanuni ya kukadiria mwendo ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892 bado inafaa kama kianzio: kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Lakini alikuwa akihesabia njia nzuri. Kwenye mchanga laini na mawe ya mtoni weka kilomita 2 hadi 3 kwa saa. Anza saa kumi na moja alfajiri, pumzika kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha malizia. Ukikosa kivuli cha mti, upande wa korongo ambao haujapigwa na jua tangu asubuhi una ubaridi unaoushika kwa kiganja. Kabla ya kukaa chungulia nyufa: nyoka nao wanajua mahali hapo.

Vaa mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana. Mchanga ukiingia kwenye buti, simama uutoe papo hapo. Ngozi ikianza kuwaka tu, bandika plasta. Ukisubiri lengelenge umechelewa.

Aliyechoka na joto huwa na jasho, kizunguzungu na kichefuchefu: mlaze kivulini, mloweshe, mpepee, mnyweshe. Akianza kuongea visivyoeleweka au kuyumba kama mlevi, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Anza kumpoza hapohapo kwa maji yoyote mliyonayo, hata ya akiba, kisha ndiyo mfikirie kumsafirisha.

Korongo

Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa kwenye korongo jembamba la Antelope huko Arizona, Marekani. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya mkondo. Ardhi kame iliyokauka na mwamba mtupu havinywi maji upesi, kwa hiyo dhoruba ya nusu saa hushuka yote kwa pamoja hadi mahali pembamba.

Kwa hiyo usitazame mbingu iliyo juu ya kichwa chako tu. Chukua ramani, fuata mistari ya mwinuko: inapokatiza bonde hujikunja, na ncha ya mkunjo huelekea juu ya mkondo. Zungushia kwa penseli eneo lote linalomwagia maji kwenye korongo lako, kisha uliza hali ya hewa ya eneo hilo lote. Kukiwa na dalili ya dhoruba popote ndani ya mstari huo, pita juu ya ukingo au ahirisha.

Ukiwa ndani, kila baada ya dakika chache tambua mahali pa kupandia. Soma kuta: vijiti na nyasi vilivyonasa kwenye matawi vinaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho, mara nyingi juu ya kichwa chako. Maji yakigeuka rangi ghafla, vijiti vikaanza kuelea, au ukasikia mngurumo unaokua, tupa begi, kisha panda juu. Usikimbilie chini ya mkondo, maji yatakushinda mbio. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mto uliojaa mbele yako usivukwe. Nchi kame hujaza haraka na kupunguza haraka, saa chache za kusubiri hutosha mara nyingi.

Hema lisikae mchangani, hata pawe pazuri vipi. Tafuta mtambarare ulio juu ya alama za maji. Mara nyingi ni huohuo waliouchagua wajenzi wa kale, na hapo ndipo uangalifu wa aina nyingine unapoanza.

Kwenye magofu

Ukuta uliojengwa bila chokaa unasimama kwa uzito wa mawe yake tu. Mawe ya juu kabisa ndiyo yanayobana yaliyo chini. Ukilikalia moja kupiga picha likateleza, mvua zinaingia katikati ya ukuta, udongo unaoshwa, na tumbo la ukuta linavimba hadi lianguke. Zunguka kwenye mlango, usiruke. Usiegemeze begi. Usilale ndani wala kula humo: makombo huita panya, nao huchimba chini ya msingi.

Michoro ya miambani usiiguse, usiimwagie maji ili ing'ae, usiipitishie chaki. Mafuta ya vidole na chumvi za maji huila rangi. Ipige picha mwanga ukiwa wa pembeni, bila flashi.

Kigae cha chungu kina thamani pale kilipolala. Ukikiokota na kukirundika na vingine juu ya jiwe, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema, mtafiti hawezi tena kujua kilitoka chumba gani au tabaka gani. Weka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ukuta, andika namba zinazoonyesha mahali hapo kwenye ramani, na ukiache. Taarifa hiyo ipeleke kwa idara ya mambo ya kale. Mitandaoni usiweke mahali penyewe, maana wachimbaji wa kuiba nao husoma.